Bahari Si ya Watalii Tu: Mbogi ya Eastlands Ikodi Boti Yake

Wasee, kila Disemba mtaa huhamia Mombasa. Umoja, Donholm, Kayole, Jericho, Dandora, kila ploti ina mtu amepanda treni Syokimau ama basi ya usiku. Wakirudi, picha ni zile zile. Ngamia pale Pirates, viazi karai, mabuyu, halafu mtu amesimama kwa maji, na maji yamefika magotini. Magotini! Bahari Hindi yote hiyo, na sisi tunaishia magotini.

Maoni yangu ni haya, na najua wengine mtabisha. Familia ya Eastlands ikishatoa pesa ya chakula na ya kulala huko Pwani, kitu inayofuata kulipia si ngamia, si jet ski ya dakika kumi. Ni asubuhi moja kwa boti ndogo, mmekodi nyinyi peke yenu, mko karibu na nchi kavu, na kila mtu ako na mshipi mkononi. Kuanzia shosh mpaka yule mtoto wa darasa la tatu.

Najua jibu la kwanza: "Hiyo ni ya wazungu." Na hiyo fikra haikutoka hewani. Samaki wa trauti waliletwa kwa mito ya Aberdare mwaka wa 1905, walowezi wapate kitu cha kuvua wikendi. Mwaka wa 1954 Ernest Hemingway, yule mwandishi Mmarekani, alikuja kuvua Shimoni, na leo ukifika Watamu utapata hoteli inaitwa Hemingways. Picha tuliyokua nayo ya kuvua kwa raha ni hiyo: mzungu, kofia, kiti kikubwa nyuma ya boti, samaki mrefu kumshinda yeye. Mwafrika kwa hiyo picha ndiye anashika usukani na hatajwi jina.

Lakini huyo anayeshika usukani ndiye mwenye hiyo elimu. Kuvua kwa mshipi ni kazi ya watu wa Pwani tangu zamani. Ndiyo maana hivi vitu vyote vina majina ya Kiswahili: ndoana, chambo, chubwi ile ya kuzamisha mshipi, nanga, tanga. Samaki wenyewe wana majina: tafi, changu, tewa, kolekole, nguru. Hakuna mtu alihitaji kutuletea hii kitu kwa meli. Sisi wa bara ndio hatujawahi kuingia darasa.

Na tuseme ukweli kuhusu sisi na samaki. Mtaani samaki tunamjua akiwa amekaangwa, amelala kwa karatasi. Wengi wetu tumekula mgongo wazi, ule uti wa mgongo wa mbuta unaobaki baada ya minofu kukatwa viwandani, na minofu mingi ilikuwa inapandishwa ndege kwenda Ulaya. Sisemi mgongo wazi ni mbaya. Ukipikwa na mtu anajua, utaramba sahani. Nasema tu kwamba mtu anaweza kufika miaka ishirini Eastlands, amekula samaki kila wiki, na hajawahi kuhisi samaki akivuta.

Na maji je? Nairobi River inapita hapa nyuma yetu, na unajua rangi yake. Nairobi Dam ilijengwa 1953, na kuna wakati watu walienda kuendesha mashua za tanga huko. Leo ni magugu na taka. Kinachobaki ni machimbo ya mawe yaliyojaa mvua, na kila mtaa unajua jina la kijana aliyeingia akakosa kutoka. Kwa hivyo mtoto wetu anakua akijua maji kwa njia mbili: ya kuchota na ya kuua. Hapo ndipo hii story inaacha kuwa ya holiday. Mtoto anayefundishwa kuvaa jaketi ya kuokoa maisha, kukaa chini boti ikitembea, na kusikiza mtu anayeelewa maji, amepata kitu ambacho shule nyingi za mtaa haziwezi kumpa.

Sasa, mbona boti ndogo na mbona karibu? Kwa sababu ile ya mbali ndiyo watu hukimbilia kwa macho, na ndiyo inaweza kukuharibia siku. Kule nje watu wanafuata sulisuli na nduaro. Boti inakata mawimbi masaa na masaa, kamba zinaburutwa nyuma, na unaweza kumaliza siku bila samaki kugusa. Mtu ambaye hajawahi kupanda boti atatapika kabla ya saa tatu asubuhi, halafu ataambia mtaa mzima kwamba bahari si poa.

Karibu ni tofauti. Sehemu kubwa ya pwani yetu ina mwamba wa matumbawe mbele ya ufuo, na mwamba huo ndio unavunja mawimbi. Ndani yake maji yametulia. Halafu kuna hori, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu: Mtwapa, Kilifi, Tudor, Mida. Boti inatia nanga, unashusha mshipi, chubwi inagusa chini, unainua kidogo, unangoja. Kidole chako ndicho mashine. Samaki mdogo anadonadona kama mtu anabisha mlango na hana haraka. Tafi akishika vizuri, utajua. Na nchi kavu unaiona muda wote, kwa hivyo hata shosh anatulia.

Pia msimu unasaidia. Likizo ndefu ya mwisho wa mwaka inaangukia upepo wa kaskazi ukianza, bahari imepoa. Likizo ya Agosti ni wakati wa kusi, na nje huko kunachafuka. Lakini ndani ya hori siku nyingi bado unaweza kuvua. Nahodha mwenyewe ndiye ataangalia maji yanajaa ama yanakupwa, na akisema "leo hapana," hiyo ni hapana. Usibishane naye eti ulishalipa.

Mbona nasema mkodi nyinyi peke yenu? Kwa sababu mwanafunzi anaaibika mbele ya wageni. Ukiwekwa kwa boti moja na watu wanaojua, utaogopa kuuliza ndoana inafungwa aje. Mkiwa familia, mtoto akisikia vibaya mnarudi, hakuna mtu wa kununa. Mathe anaweza kukaa na leso yake bila kupigwa picha na mtu hamjui. Budake, ambaye hukuwahi kumwona akishindwa kitu, atashika mshipi vibaya na mtamcheka pamoja. Na nahodha ana muda wa kufundisha, kwa sababu ana kikundi kimoja tu. Jiandae pia kusahihishwa Kiswahili. Ukimwambia "hizo masamaki ziko wapi," mzee wa Mtwapa atakujibu kuhusu samaki baada ya kurekebisha ngeli.

Tuingie kwa hesabu, juu najua hapo ndipo mnaningojea. Treni ya Nairobi kwenda Mombasa, kiti cha kawaida, ni 1,500 kwa njia moja tangu bei ipande 2024. Hiyo mmeshaamua kulipa. Sasa chukua mfano, si bei ya mtu yeyote: tuseme mmeelewana na nahodha shilingi 12,000 kwa nusu siku, na nyinyi ni sita. Hiyo ni 2,000 kila mtu. Kama ni familia mbili za ploti moja zimeungana, mnagawa tena, bora boti iwe inaruhusiwa hiyo idadi. Sisi ni watu wa chama. Tunachangia harusi, matanga, hata sufuria. Mia mbili kwa mwezi kuanzia Februari, ikifika Disemba uko na 2,200. Boti umelipa na soda imebaki.

Na kuna mtu ambaye hiyo mia mbili hana, rent imemkaba. Sitamdanganya kwamba ni swala la kujipanga. Kwake naweza sema tu kuna mabwawa ya kuvulia pande za Kiambu, safari ya siku moja kwa mat, na mtoto atapata kushika samaki hai. Bahari haitaenda.

Usalama sasa, na hapa sina mchezo. Aprili 29, 1994, ferry ya Mtongwe ilipinduka pale Mombasa na watu 272 wakafariki. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na ilikuwa karibu na nchi kavu. Maji hayajali uko mita ngapi kutoka ufuo. Kwa hivyo kabla utoe hata shilingi ya depositi, uliza hivi: Boti imekaguliwa na Kenya Maritime Authority? Inaruhusiwa watu wangapi? Kuna jaketi ya kila mtu, na ya saizi ya mtoto? Kuna simu ama redio, na nani anajua mmeenda wapi? Nahodha mzuri hatakasirika kuulizwa. Anayekasirika, mwachie boti yake. Na jaketi inavaliwa, haikaliwi. Usinivulie jaketi eti video itoke poa.

Pia kuna sheria ya mahali. Mbuga za bahari za Malindi na Watamu ziliwekwa 1968, na ndani ya mbuga hauvui, kabisa. Uvuvi wa raha nao unaenda na leseni. Uliza mapema nani anaishughulikia. Na samaki mdogo unamrudisha majini. Huyo ndiye chakula cha mtu wa hapo mwaka ujao. Wewe umekuja asubuhi moja, yeye anaishi hapo.

Nimesikia pia hoja moja nzito kutoka kwa rafiki wa Kilifi: kwamba tunataka kugeuza kazi ya watu kuwa mchezo wetu. Mvuvi anaamka usiku alishe watoto, halafu sisi tunakuja kucheka na ndoana. Nimeifikiria sana. Lakini angalia anayelipwa ni nani. Mvuvi akitoka na wateja, amelipwa hata kama samaki amekataa. Bei yake haitegemei mchuuzi anayemngoja ufuoni akijua samaki anaoza. Na kile anacholipwa ni akili yake: wapi pa kutia nanga, chambo gani, upepo unageuka saa ngapi. Ubaya unakuja pale mwenye boti ni kampuni, na mvuvi anapewa kitu kidogo kushika usukani. Kwa hivyo ukiweza, anza na BMU, kile kikundi cha wavuvi cha ufuo huo, uulize nani ana boti ya abiria yenye karatasi zake. Pesa itue penye elimu iko.

Na nyinyi mnaouza hizi safari, nisikizeni kidogo. Niliwahi kupigia kampuni moja kuulizia boti ya nusu siku. Nimeongea Kiswahili, nimejibiwa Kizungu. Bei nikapewa kwa dola. Halafu swali: "Wageni wako wanatoka nchi gani?" Wageni wangu wanatoka Umoja, mtaa wa pili kutoka stage. Mnalia kwamba watalii wakipungua boti zinakaa nanga miezi mizima, na hapa Nairobi kuna mamia ya vyama vinatafuta pa kupeleka pesa ya Disemba. Andikeni bei kwa shilingi. Andikeni ni ya watu wangapi na masaa mangapi. Pokeeni M-Pesa kidogo kidogo. Wekeni jaketi za watoto. Hivyo tu, na mtatupata.

Sisi upande wetu kazi ni moja, tuulize. Mwezi huu kwa group ya familia, kabla mtu atume zile picha za hoteli, tupa swali: tuko wangapi, na nani anaogopa maji? Anayeogopa ndiye mpangie kwanza. Mtafutie jaketi inayomtosha, mkalishe karibu na nahodha, mpe mshipi wake mwenyewe. Samaki wa kwanza akivuta, muache avute yeye, msimnyang'anye.