Kudisko Huanzia Nyumbani

Hapa Kyela, kutoka Ipinda hadi Kasumulu, kijana aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuo kikuu kwa kukosa alama, hukuta hukumu yake imeshatolewa kabla hajashusha begi stendi. Alikula bumu, pesa ya kujikimu chuoni. Mji ulimzidi. Alikwenda kutembea, hakwenda kusoma. Wanaosema hivyo si watu wa hovyo: ni wazazi waliouza kakao ili asome, walimu wastaafu, wazee wa kanisa, watu ambao neno lao lina uzito kijijini. Baada ya hukumu huja adhabu, nayo ni moja kwa wote: apewe jembe au pikipiki, na habari za shule zisitajwe tena. Nayapinga maneno hayo waziwazi kwa sababu mara nyingi si kweli, na kwa sababu yanawapoteza watoto ambao walikuwa bado wanaokoleka.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaomhukumu kijana hawajawahi kuelezwa namna chuo kinavyompima. Katika vyuo vikuu vyetu vingi A huhesabiwa pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2, D pointi 1 na E sifuri. Pointi huzidishwa kwa uzito wa kila somo, kisha hutafutwa wastani, nao ndio GPA. Chini ya 2.0 hakuna shahada. Sasa mchukue binti mwenye masomo sita ya uzito sawa. Manne amepata C, yaani amefaulu. Mawili hakuyafanyia mtihani, alikuwa amelazwa kwa malaria, na hakumwarifu mtu yeyote chuoni. Ana pointi 8. Zigawe kwa 6, unapata 1.3. Vyuo vingine vitampa nafasi ya kurudia mitihani ile. Vingine vina kiwango ambacho ukianguka chini yake huna sapu, yaani mtihani wa marudio, wala kurudia mwaka, unaondoka. Amefaulu masomo manne kati ya sita, aliugua wiki mbili, na nyumbani atapokewa kama mlevi.

Kanuni za vyuo zinamtambua mgonjwa. Upo mtihani maalumu kwa mwenye sababu ya msingi, na upo utaratibu wa kuahirisha masomo kwa aliyezidiwa na ugonjwa, uzazi au msiba. Lakini lazima uombe, na uombe mapema, ukiwa na barua ya daktari au ya familia mkononi. Anayenyamaza huandikiwa sifuri.

Kwa mtoto wa Kyela kuna jambo jingine ambalo watu wa Dar es Salaam hawaliwazii, nalo ni kalenda ya mpunga. Muhula wa pili huangukia masika. Machi na Aprili mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hutapika maji bondeni, mpunga bado uko shambani, na nyumba nyingi zimeshauza au zimeshakula ule wa mwaka jana. Huo ndio wakati ambao chuo kinadai ada iliyobaki. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haulipi ada yote kwa kila mtu. Wengi hupata sehemu, na pengo huzibwa na mzazi. Pengo lisipozibwa, usajili wa muhula hukwama, na usajili ukikwama, mazoezi na majaribio ya darasani nayo hukwama. Kwa vyuo vingi hizo ni alama 40 kati ya 100. Gunia la kwanza linapofika sokoni Mei au Juni, alama hizo zimeshapotea, na kijana anaingia mtihani wa mwisho akiwa nyuma ya wenzake waliolipiwa Oktoba. Hakuna bidii ya usiku inayofuta hesabu hiyo.

Na bado sijataja lugha: miaka saba ya Kiswahili shule ya msingi, sekondari ya kata ambayo mwalimu mwenyewe hurudi kwenye Kiswahili ili aeleweke, halafu ghafla mhadhara mzima kwa Kiingereza mbele ya mamia ya wanafunzi.

Wavivu wapo. Wapo waliomaliza bumu ndani ya wiki mbili na vipindi hawakuvijua. Tena sitaki kiwango kishushwe. Muuguzi asiyejua vipimo vya dawa nisingependa anihudumie pale hospitali ya wilaya, na mhandisi asiyejua hesabu asipewe daraja la Mto Kiwira. Chuo kina haki ya kumwondoa asiyefikia. Ninachokataa ni sisi kuchukua barua ya kuondolewa na kuisoma kama cheti cha tabia.

Nchi hii imewahi kufanya kosa hilo kwa sauti kubwa. Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi walitimuliwa Chuo Kikuu cha Dodoma na kuamriwa kuondoka ndani ya saa 24. Masomo yao yalikuwa yamesimama kwa sababu wahadhiri hawakuwa wakifundisha, wakidai malipo. Muda mfupi baadaye Rais John Magufuli aliwaita vilaza, kwa hoja kwamba wengi hawakuwa na sifa za kuwa chuo kikuu, na jina hilo likawafuata hadi vijijini. Nakumbuka lilivyotamkwa huku kwetu, madukani na ndani ya daladala, na watu ambao hawakuwahi kuona cheti cha hata mmoja wao. Kisha serikali yenyewe ikakaa, ikachambua vyeti, na Julai mwaka uleule ikatangaza kwamba sehemu kubwa ya vijana hao wanaendelea na masomo: wachache kurudi Dodoma, wengi kupangiwa vyuo vya ualimu. Waliokosa sifa kabisa walikuwa sehemu ndogo. Mzazi aliyekuwa ameshamwambia mwanawe asahau shule alikuwa amekimbia mbele kuliko serikali.

Miaka 50 kabla ya hapo, Oktoba 1966, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi karibu 400 walioandamana kupinga Jeshi la Kujenga Taifa. Wengi wao waliruhusiwa kurudi masomoni mwaka uliofuata, na miongoni mwao walitoka watu waliokuja kushika madaraka makubwa nchini. Kesi ile ilikuwa ya siasa, haikuwa ya alama, lakini inaonyesha kwamba hata mkuu wa nchi aliyekasirika vile hakuichukulia barua ya kufukuzwa kuwa kaburi.

Kwa hiyo dai la kwamba kudisko ndio mwisho halina msingi popote isipokuwa vinywani mwetu. Aliyeondolewa anaweza kukata rufaa ndani ya muda uliowekwa. Anaweza kuomba udahili upya, katika kozi nyingine au chuo kingine, au kuanza na stashahada inayomfaa zaidi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Mbeya, na mtu anaweza kusoma huko huku akiendelea kuhudumia shamba lake Ngonga. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba hata msichana aliyekatishwa shule kwa ujauzito ana haki ya kurudi darasani. Ikiwa tumelikubali hilo kwa mtoto wa kidato cha pili, tunamkatalia kwa hoja gani kijana wa miaka 21 aliyeangushwa na masomo mawili?

Jambo linaloniuma zaidi ni hili: hukumu yetu haimsubiri kijana adisko. Inamfikia mapema zaidi, wakati ana sapu tu, na hapo ndipo inapomuua kimasomo. Marekani mwanafunzi ambaye wastani wake umeshuka chini ya 2.0 kwa kipimo chao cha pointi 4 kwa kawaida huwekwa chini ya uangalizi kwa muhula mmoja. Huitwa, hupewa mshauri, huambiwa wazi kiasi anachotakiwa kupanda ili abaki. Kwetu ngazi hiyo haijengwi vizuri. Uangalizi pekee ambao wanafunzi wetu wengi wanaujua ni sapu yenyewe, na kwa vyuo vingi hufanyika mwishoni mwa likizo ndefu, kabla ya mwaka mpya kufunguliwa.

Tazama likizo hiyo inavyoendeshwa Kyela. Kijana anarudi Julai. Mpunga unaanikwa, unakobolewa, wanunuzi wanakuja. Anaulizwa habari za chuo mbele ya baba, mama, wajomba na jirani, na mwenye sapu mbili anajibu kwamba mambo ni mazuri, kwa kuwa anajua neno sapu litafika Matema kabla ya jua kuzama. Akishasema hivyo amejifunga. Hawezi kuomba siku za kujisomea wakati wenzake wako shambani. Hawezi kuomba nauli ya kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, wakati kila mtu anaamini chuo hakijafunguliwa. Wapo wanaokopa kwa marafiki na kudanganya kwamba wanakwenda Mbeya mara moja. Wapo wasiokwenda kabisa. Sapu isiyofanywa ni somo lililofelishwa, na masomo mawili yaliyofelishwa, kama tulivyoona, yanatosha.

Nadhani aibu yetu ina mizizi mirefu. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1951, alieleza jinsi wavulana wa rika moja walivyokuwa wakianzisha kijiji chao wenyewe na kuzeeka pamoja. Vijiji hivyo vimekwisha, lakini kuachwa na rika bado kunauma huku kuliko sehemu nyingi. Wenzako wakivaa joho nawe ukiwa mpakani Kasumulu unabadilisha kwacha, huhitaji mtu wa kukukumbusha. Ndiyo maana maneno ya mzazi yana nguvu ya ajabu, ya kubomoa na ya kuinua.

Kuna pia upande wa fedha, kwa wanaopenda hoja za fedha. Mkopo wa Bodi ni deni, amalize asimalize. Akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi uishe. Na mkopo wa mwaka unaofuata hutegemea afaulu kuingia mwaka huo. Familia inayomfungia kijana mlango wa kurudi shule imemwachia deni la shahada pasipo shahada, halafu inamshangaa anapokosa amani.

Vyuo navyo vina sehemu yao. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi isingoje kubishiwa hodi. Majina ya wenye wastani unaoshuka yako kwenye mfumo tangu matokeo ya muhula wa kwanza, na simu moja ya Machi ingewaokoa wengi. Hapa wilayani, sharika za Moravian na za KKKT, ambazo kila mwaka huwaombea wanafunzi wanaokwenda vyuoni, zingeweza kuwa na mtu mmoja mzima anayejua kanuni hizi, ambaye kijana anaweza kumfuata bila habari kusambaa.

Lakini kazi kubwa iko nyumbani, na si ngumu. Mzazi amwite mwanawe pembeni wakiwa wawili, aulize idadi ya sapu kabla ya kuuliza GPA, na alipokee jibu bila kupandisha sauti. Zikiwepo, apumzishwe shamba mwezi wa nane ili asome, na gunia moja la mpunga litengwe kwa ajili ya nauli yake ya Septemba.