Kidonge cha Presha Kisibebeshwe Kazi ya Kuzuia Saratani

Mwaka 2020 jarida la Hypertension la Marekani lilichapisha utafiti kutoka Hong Kong ambao habari zake zilisafiri mbali kuliko maelezo yake. Watafiti walipitia kumbukumbu za watu 187,897 waliokuwa wamechunguzwa utumbo mpana kwa mrija wenye kamera na kukutwa bila saratani. Waliokuwa wakitumia dawa za shinikizo la damu zinazozuia kazi ya homoni ya angiotensini, kundi lenye enalaprili na losartani, walionekana kuwa na hatari ya saratani ya utumbo mpana iliyopungua kwa asilimia 22 katika miaka mitatu ya mwanzo.

Asilimia 22 ni tarakimu ya kuvutia, na hapo ndipo mgonjwa anapoweza kupotoshwa hata na mtu mwenye nia njema. Kati ya watu wote hao, waliopata saratani hiyo kuanzia mwezi wa sita hadi mwaka wa tatu baada ya kipimo walikuwa 854. Hawafiki watano kwa kila elfu. Punguzo la asilimia 22 katika hao ni kama mtu mmoja kwa kila elfu. Kwa saratani zilizojitokeza baada ya miaka mitatu, faida hiyo haikuonekana. Tena watafiti walisoma majalada ya zamani. Hawakuwagawa wagonjwa kwa kura, hivyo haiwezi kusemwa kwa hakika kwamba dawa ndiyo iliyoleta tofauti. Swali walilouliza ni zuri na linastahili majaribio. Kumbadilishia mgonjwa dawa kwa ajili yake ni jambo jingine.

Achukuliwe mama ambaye presha yake imetulia kwa amlodipini, naye anaomba apewe losartani ili ajikinge na saratani. Mhudumu anayekubali ombi hilo anauza kitu cha hakika kwa kitu cha kukisia. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2019, yaliyohusisha wagonjwa 728 weusi wa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, yalionyesha kwamba michanganyiko yenye amlodipini ilishusha shinikizo vizuri kuliko perindoprili, ndugu wa enalaprili, ikichanganywa na haidroklorothiazidi. Dawa za kundi hilo zina madhara yake pia: enalaprili huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, na mara chache uvimbe wa midomo na ulimi, mjamzito hapewi enalaprili wala losartani, kwa kuwa zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kiharusi nacho hakingoji matokeo ya utafiti mwingine.

Hofu huzaa kosa lile lile kwa njia nyingine. Mwaka 2018 baadhi ya vidonge vya valsartani viliondolewa sokoni katika nchi nyingi baada ya kugundulika kuwa na NDMA, kemikali inayodhaniwa kusababisha saratani. Wakati huo mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliwataka wagonjwa wasiache dawa kabla ya kupata mbadala. Lilikuwa agizo la busara.

Kliniki ya presha ina nafasi kubwa zaidi ya kupambana na saratani ya utumbo mpana kuliko kidonge chochote inachogawa, kwa sababu mgonjwa hurudi hapo tena na tena. Aulizwe kama anaona damu kwenye choo, kama mwenendo wa haja umebadilika kwa wiki kadhaa, kama anapungua uzito bila sababu, na kama mzazi au ndugu yake aliwahi kuugua saratani hiyo. Wagonjwa wengi huona haya kulitaja jambo hili wenyewe. Wengine wamekwisha kujitibu bawasiri kwa miezi. Mwenye damu kwenye choo asiandikiwe dawa ya bawasiri kabla ya kupimwa wingi wa damu na kuchunguzwa njia ya haja kubwa kwa kidole chenye glovu, na uchunguzi huo usipotoa jibu, apewe rufaa akachunguzwe kwa kamera, huku akiendelea kumeza kidonge chake cha presha.