Ulingo Tumepewa, Mwalimu Yuko Wapi?

Mwaka 2022 Rais Dk. Hussein Ali Mwinyi aliondoa marufuku ya mchezo wa ngumi iliyodumu Zanzibar tangu 1964, enzi za Mzee Abeid Amani Karume. Agosti 2023 mabondia wa kulipwa wakapanda ulingoni hapa Unguja, Karim Mandonga akiwa miongoni mwao, na barza za Mji Mkongwe zikapata mazungumzo ya wiki nzima. Nani kampiga nani, nani kakimbia, Mandonga kasema nini. (Bwana huyo, kwa kweli, mdomo wake peke yake unastahili mkanda.) Swali ambalo sikulisikia likiulizwa ni hili: waliosimama kwenye kona na ndoo na taulo, ni wanafunzi wa nani?

Hawangeweza kuwa wanafunzi wa mtu wa hapa. Kisiwa kilichokaa miaka 58 bila ulingo hakina bondia mstaafu, isipokuwa aliyevuka bahari akajifunzia Bara. Na pasipo na bondia mstaafu hapana mwalimu wa ngumi, kwa sababu kazi hii hairithiwi kwa cheti. Hurithiwa na mtu aliyewahi kupigwa, akajua kipigo kinavyoanza miguuni kabla ya kuonekana usoni.

Wapo wanaosema kwamba Mzee Karume alikuwa sahihi. Sababu tuliyosimuliwa na wakubwa wetu ni kwamba aliona ni udhalili watu wawili kuumizana ili wengine wastarehe. Siichezei hoja hiyo. Ina heshima yake, hasa ikitoka kwa watu waliokwisha kutazamwa na wakoloni kama maonyesho. Lakini tusiivike vazi la utamaduni. Kila Julai pale Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana hadharani kwa makuti na migomba, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hilo si letu. Kirumbizi tunakiona ni ngoma, ingawa ni fimbo kwa fimbo. Judo na karate zimefundishwa hapa miaka na miaka. Tulichokikataa hakikuwa kupigana. Tulikataa aina moja tu ya kupigana, na kwa kuikataa tukakata silsila.

Nalitumia neno hilo makusudi. Chuoni mtu haulizwi tu amesoma nini. Huulizwa amesoma kwa nani, na huyo mwalimu wake alisoma kwa nani. Taarabu yetu imedumu kwa njia hiyo, na ujenzi wa majahazi vilevile. Ngumi nazo zina silsila. Dar es Salaam wanaye Habibu Kinyogoli, aliyepigana kwa jina la Tanzania kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, kisha akaugeuza uzoefu wake kuwa darasa la vijana. Kabla ya hapo Titus Simba alileta medali ya fedha ya Jumuiya ya Madola kutoka Edinburgh mwaka 1970; Michael Yombayomba akaleta dhahabu kutoka Kuala Lumpur mwaka 1998; na mwaka 2022 huko Birmingham Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe wakapata shaba. Katika muda wote huo sisi tulikuwa watazamaji wa ng'ambo ya bahari.

Mwenzangu mmoja idarani aliniuliza daktari wa falsafa anatafuta nini katika mambo ya makonde. Natafuta roho za watoto wa watu. Madaktari wamejua tangu 1928, Harrison Martland alipoandika kuhusu mabondia waliolewa kwa vipigo, kwamba kichwa kinachopigwa mara nyingi huharibika ndani hata kama uso umepona. Mwaka 1982 Kim Duk-koo wa Korea Kusini alifariki baada ya pambano lake na Ray Mancini huko Las Vegas, na ndipo mapambano ya ubingwa yakaanza kupunguzwa kutoka raundi 15 hadi 12. Kanuni husaidia. Ila kanuni haimtazami kijana machoni baina ya raundi na raundi. Anayemtazama ni mwalimu wake.

Kumbukeni Manila, tarehe 1 Oktoba 1975. Muhammad Ali na Joe Frazier wamekwisha kupigana raundi 14. Imebaki moja. Macho ya Frazier yamevimba hata haoni, lakini anataka kuendelea. Mwalimu wake, Eddie Futch, akakataa. Futch alikuwa bondia wa ridhaa Detroit ujanani mwake, kasoro ya moyo ikamzuia kuingia ngumi za kulipwa, akaishia kuwa mwalimu. Mbele ya dunia nzima, na ubingwa ukiwa umbali wa dakika tatu, akamketisha mtu wake. Mnamjua nani hapa Unguja mwenye elimu na mamlaka ya kufanya hivyo? Promota hawezi, yeye ameuza tiketi. Bondia hawezi, ana njaa na ana jina la kutafuta.

Nikisema haya huambiwa kuwa soko litaleta walimu lenyewe. Haliwezi, na hesabu yake ni fupi. Desturi ya ngumi duniani ni mwalimu kupata kama asilimia 10 ya malipo ya bondia. Bondia anayeanza hulipwa kidogo, na sehemu ya kumi ya kidogo haimlipii mtu hata nauli ya daladala ya mwezi. Kwa hiyo mwalimu mzuri humfuata bondia aliyekwisha kuwa na jina, na kijana wa Kikwajuni au Jang'ombe huachwa na yeyote mwenye glovu na sauti kubwa.

Mfano wa njia nyingine tunao mlangoni. Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kufundisha judo Zanzibar mapema miaka ya 1990, na judo ikashika mizizi kwa sababu mtu mmoja alikaa. Hakuja na onyesho la usiku mmoja akaondoka na boti ya asubuhi. Au tazameni Mukono, Uganda, katika mieleka, mchezo ambao wengi wetu huufanyia mzaha. Daniel Bumba, maarufu kwa jina la Bumbash, alikusanya vijana mwaka 2023 akawafundisha kurushana na kuanguka katika ulingo wa matope uliozungushiwa mianzi. Waliitwa wendawazimu, kisha picha zao zikaizunguka dunia. Kule mwalimu alitangulia, ulingo wa kweli ukawa jambo la kungojewa. Sisi tumeanza na taa, muziki na viti vya wageni rasmi.

Nahofia siku moja tu. Siku kijana wa hapa atakapoanguka na asiamke, kwa kuwa aliyemsimamia hakujua wakati wa kurusha taulo. Siku hiyo marufuku itarudi kabla ya maziko kwisha, na wale walioishangilia 2022 watakuwa wa mwanzo kusema kwamba wao daima walikuwa na mashaka.

Kwa hiyo naliomba Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar lisitoe kibali cha pambano lolote hapa Unguja pasipo daktari ulingoni na mwalimu aliyesajiliwa katika kila kona. Naiomba Serikali iwalipe mabondia wastaafu kutoka Bara waje wakae, si wiki bali miaka, wafundishe vijana ambao baadaye watafundisha wenzao, kama inavyowalipa walimu wa skuli. Na Waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi, bajeti ya michezo itakaposomwa, wamuulize Waziri idadi ya walimu wa ngumi tulionao leo, majina yao, na wamesoma kwa nani.