McClane Hakuuawa na Uzee

Kila inapotajwa A Good Day to Die Hard, filamu ya tano na ya mwisho ya mfululizo wa Die Hard, hukumu hutolewa haraka: Bruce Willis alikuwa kazeeka. Stelingi wa miaka 57 ataruka madirisha vipi? Na mfululizo wenye miaka 25, wanaongeza, lazima uchoke. Maneno hayo yamerudiwa hadi yamegeuka kuwa ukweli wa wote. Mimi nayapinga. Filamu ile ya Februari 2013 iliharibiwa na watu waliosahau John McClane, askari anayeigizwa na Willis, ni mtu wa namna gani, na umri wa mwigizaji umebebeshwa mzigo usio wake.

Kama uzee ungekuwa sumu kwa hadithi hii, hadithi yenyewe isingezaliwa. Die Hard ya mwaka 1988 ilitokana na riwaya ya Roderick Thorp, Nothing Lasts Forever, iliyotoka mwaka 1979. Shujaa wa riwaya hiyo ni Joe Leland, mpelelezi mstaafu aliyekwenda kumtembelea binti yake. Frank Sinatra alikwisha kumwigiza Leland katika The Detective ya mwaka 1968, kwa hiyo studio ilibanwa na mkataba impe yeye kwanza nafasi hiyo, akiwa na miaka 70 hivi. Sinatra alikataa, na baadaye nafasi ikamfikia Willis, aliyekuwa na miaka 33 filamu ilipotoka. Yule mtu aliyenaswa ghorofani peke yake, akizungukwa na majambazi, alibuniwa akiwa na mvi tangu siku ya kwanza.

Kilichomfanya McClane apendwe ni kwamba anaumia. Mwongozaji John McTiernan alimwacha ndani ya jengo la Nakatomi akiwa pekupeku na singlendi, akamkanyagisha vioo, kisha akamkalisha chini achomoe vipande miguuni huku akizungumza kwa redio ya upepo na Sajenti Al Powell, askari aliye nje ambaye hawajawahi kuonana. Anampa Powell ujumbe wa kumfikishia mkewe, maana hana hakika ya kutoka hai. Kabla ya kujirusha kutoka paani akiwa amejifunga mpira wa zimamoto, anamsihi Mungu asimwache afe. Tunamwogopa Hans Gruber, kiongozi wa majambazi aliyeigizwa na Alan Rickman, kwa sababu McClane mwenyewe anaogopa.

Kanuni hiyo iliendelea kushikwa. Katika Die Hard 2, mwaka 1990, McClane anakimbia uwanjani gizani akipunga mienge ili ndege isitue. Anashindwa. Ndege inalipuka, waliomo wote wanateketea, naye analia. Katika filamu ya tatu, mwaka 1995, tunamkuta amesimamishwa kazi, ana uchovu wa ulevi, na ndoa yake imemponyoka. Zeus, mwenye duka wa Harlem aliyeigizwa na Samuel L. Jackson, hamchekei wala hamtukuzi. Ni kweli kwamba filamu ya nne, ya mwaka 2007, ilianza kumtia chumvi stelingi hadi akapambana na ndege ya kivita. Lakini hata humo alikuwa na pengo: hajui lolote kuhusu kompyuta, na bila kijana mdukuzi anayeandamana naye asingefika popote.

Sasa itazame ya tano. Mwongozaji John Moore anampeleka McClane Moscow kumtafuta mwanawe Jack, ambaye kumbe ni jasusi wa CIA. Barabarani anayapanda na kuyaponda magari ya raia wasiohusika. Gari lake linapinduka, anatoka mzima, anampiga ngumi dereva asiye na kosa na kumpora lake. Askari tuliyempenda kwa kuwalilia abiria asiowajua sasa hawaoni wapita njia. Baba na mwana wanajirusha dirishani kutoka ghorofa ya juu, wanaporomoka katikati ya viunzi vya ujenzi, wanainuka. Chuma kinachomchoma Jack ubavuni kinachomolewa, na punde yuko vitani tena kama kawaida. Wanapofika Chernobyl, kemikali inapulizwa chumbani na mionzi ya nyuklia inahesabiwa imekwisha. Kesi ya kuchunguzwa haipo, na wala hakuna adui wa kukumbukwa. Filamu nzima haifiki dakika 100, ilhali kila moja kati ya nne zilizotangulia ilizidi saa mbili.

Nionyesheni uzee katika makosa hayo. Mimi naona uandishi mbovu. Filamu nne za kwanza zilitokana na kazi ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya McClane: riwaya ya Thorp, riwaya ya Walter Wager, muswada wa Jonathan Hensleigh na makala ya jarida ya John Carlin. Katika kila moja mtego ulitangulia, McClane akatumbukizwa ndani yake baadaye. Ya tano ndiyo ya kwanza kuandikwa moja kwa moja kama filamu yake, na walioiandaa wakadhani jina linatosha. Hawakumtegea mtego wowote.

Ng'ombe hazeeki maini. Clint Eastwood alikuwa na miaka 63 In the Line of Fire ilipotoka mwaka 1993. Aliigiza mlinzi aliyeshindwa kumwokoa Rais Kennedy kule Dallas mwaka 1963. Anakimbia kando ya gari la rais akihema, wenzake wanamwona mzigo, na kila pumzi inayomkatika inatutia wasiwasi zaidi. Humo umri ndio uliobeba hadithi. McClane naye angeweza kupewa mwili unaogoma na mtoto ambaye hakumlea. Vyote viwili walikuwa navyo mkononi, wakavitupa.

Wapo watakaosema filamu ile ilivuna zaidi ya dola milioni 300 duniani kwa gharama ya dola milioni 92. Zililipwa kwa imani iliyojengwa na filamu zilizotangulia. Nchini Marekani kwenyewe mapato hayakufika milioni 70, karibu nusu ya filamu ya nne.

Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki tulikua tukijua kwamba stelingi hafi. Hata hivyo tulishika roho, kwa sababu tulitaka kuona atapona kwa gharama gani. Filamu isiyomtoza stelingi chochote inamdharau mtazamaji huyo, na kisingizio cha uzee kinawakinga wanaomdharau. Kinawaruhusu kutafuta sura changa badala ya waandishi bora.

Machi 2022 familia ya Willis ilitangaza kwamba anaacha uigizaji kwa sababu ya maradhi yanayomnyima usemi. McClane wake hatapata nafasi ya kurekebishwa. Ndiyo maana hukumu lazima iwe ya haki. Lawama iwaendee walioandika, walioongoza na walioidhinisha. Na studio itakapotuletea tena askari mwenye mvi, tusihesabu miaka yake. Tuulize ana nini cha kupoteza, na kama hana, tuidai pesa yetu.