Ufito wa Kumvulia Besi Huchaguliwa kwa Magugu

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la hekima kwa mtu anayetafuta kisingizio cha kulikwepa shamba, lakini halimfai askari aliyetenga sehemu ya mshahara wake ili anunue ufito wa kuvulia samaki wakati wa likizo. Ufito usiofaa hupoteza fedha za nyumbani, humwacha samaki na ndoana kinywani, na pengine humtia mvuvi mwenyewe katika hatari ya maisha.

Uvuvi unaohusika hapa ni ule wa kumnasa samaki aitwaye besi kwa chambo cha bandia chenye umbo la chura. Asili ya besi ni Amerika ya Kaskazini, na huko Marekani ndiko uvuvi huu ulikokulia. Hata hivyo, samaki huyo si mgeni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 aliletwa katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, kwa ajili ya uvuvi wa burudani, na wavuvi wenye fito humfuata huko hata leo.

Besi ni mviziaji. Hujificha kivulini, chini ya majani ya yungiyungi na magugu yaliyotanda juu ya maji, akingoja kiumbe kipite juu ya kichwa chake. Chura wa bandia ametengenezwa kwa ajili ya mahali kama hapo. Mwili wake ni wa mpira laini wenye uwazi ndani, na ndoana zake mbili zimeelekea juu, zikiwa zimelala ubavuni mwa mwili huo. Kwa sababu hiyo huteleza juu ya majani bila kunasa. Besi anapomwuma, mpira hubonyea na ncha za ndoana hujitokeza.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba nguvu ya ufito hupimwa kwa ukubwa wa samaki. Dhana hiyo haina msingi. Besi wawili wakubwa kupita wote waliopata kuandikwa katika kumbukumbu za dunia, mmoja aliyevuliwa katika jimbo la Georgia, Marekani, mwaka 1932, na mwingine katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009, kila mmoja alikuwa na uzito wa kilo 10 na kidogo. Lakini wavuvi wa chura hutumia mshipi wenye uwezo wa kuhimili kilo 23 hadi 30. Tofauti hiyo yote ni kwa ajili ya magugu. Besi akishanaswa hupiga mbizi na kujizungusha katika mashina, na mvuvi hulazimika kumvuta yeye pamoja na furushi la majani. Asipomwinua mara moja, amempoteza.

Kwa hiyo ufito unaofaa ni ule ulio mgumu kuanzia mkononi hadi katikati, lakini wenye ncha inayonyumbuka kidogo. Ugumu wa chini humng'oa samaki katika magugu. Unyumbufu wa ncha humwezesha mvuvi kumrusha chura mbali na kumchezesha huku na huku kwa mitikiso midogo ya kifundo cha mkono. Ufito ulio mgumu mpaka nchani humfanya chura aende kama kipande cha ubao. Ule ulio laini mpaka chini hupinda wote, na ndoana haipenyi.

Urefu unaopendelewa ni futi 7 hadi 7 na nusu. Ufito mrefu huondoa ulegevu wa mshipi kwa haraka na humpa mvuvi nguvu ya wenzo. Mwenye kimo kifupi, au mwenye kuvua ndani ya mtumbwi mdogo, atatosheka na futi 7.

Dukani, msomaji aangalie maandishi yaliyo juu kidogo ya mshikio. Herufi H huonyesha ufito mgumu, M wa wastani, na MH ulio kati ya hiyo miwili. Kwa magugu mazito achague H. Iwapo fedha zinatosha ufito mmoja tu, ambao utatumika pia kwa vyambo vingine, MH ni chaguo la busara, mradi asiupeleke penye magugu yaliyoshonana. Aangalie pia kama uzito wa chambo ulioandikwa unafikia gramu 14 hadi 28, maana huo ndio uzito wa vyura wengi wa bandia.

Baada ya hapo aukague kwa mikono. Apitishe kipande cha pamba ndani ya kila pete ya mshipi. Nyuzi za pamba zikikwama, pete ina ufa nao utaukata mshipi. Amwombe mwenziwe aishike ncha taratibu, kisha ainue mshikio polepole: mpindo uonekane katika theluthi ya juu. Asiupinde kwa nguvu, kwani fito za kaboni huvunjika ghafla.

Mshipi uwe wa kusokotwa, usiwe wa nailoni ya kawaida, kwa sababu nailoni hurefuka inapovutwa na kuipunguzia ndoana nguvu. Gurudumu la kukunjia mshipi liwe la kasi, lenye kuzunguka mara 7 au zaidi kwa kila mzunguko mmoja wa mkono.

Lakini hata ufito bora hautamsaidia mwenye papara. Besi anapompiga chura, maji hurushwa kwa kishindo, na wengi huvuta papo hapo, chura akatoka mtupu. Yafaa mvuvi ainamishe ufito, akunje ulegevu, asubiri mpaka ausikie uzito wa samaki, ndipo avute juu kwa nguvu zake zote. Mlenga shabaha yeyote aliyefunzwa kuvuta pumzi kabla ya kufyatua ataielewa nidhamu hiyo upesi.

Jambo la mwisho ni la usalama. Mwenye ufito dhaifu, samaki wake anaponasa katika magugu, hushawishika kuingia majini ili kuikwamua ndoana. Ziwa Naivasha lina viboko, nao wamekwisha kuua watu. Hakuna samaki wala chambo chenye thamani ya kuwaacha watoto bila mzazi. Mshipi ukikwama na ufito ukashindwa, ukatwe, na mvuvi arudi nyumbani salama.