Ile nywila ya pili ya rauta

Muulize yeyote mwenye Wi-Fi nyumbani kama amebadilisha nywila, atakuambia ndiyo. Aliibadilisha siku ile alipogundua watoto wa jirani wanatazama filamu kwa hela yake. Haya, hiyo siyo ninayoizungumzia.

Rauta ina nywila mbili. Ya kwanza unampa mgeni ili simu yake ipate intaneti. Ya pili ni ya kuingilia kwenye mipangilio ya rauta yenyewe. Ukiwa nyumbani, fungua kivinjari uandike 192.168.1.1 (nyingine ni 192.168.0.1, angalia kibandiko kilicho chini yake). Utaulizwa jina na nywila. Jaribu admin na admin. Zikikubali, basi zitamkubalia pia yeyote uliyewahi kumpa ile nywila ya kwanza, hata mpangaji aliyehama mwaka jana. Rauta nyingi mpya huja na nywila ya kipekee kwenye kibandiko. Ni nafuu, ila kibandiko chenyewe kinasomwa na kila anayekaa kwenye kochi lako.

"Mimi sina cha kuibiwa." Nimeisikia mara nyingi hiyo. Anayeingia humo anaweza kubadilisha DNS, yaani kile kinachogeuza jina la tovuti kuwa nambari ya kompyuta ya kuiendea, kama simu yako inavyogeuza "Mama" kuwa nambari. Ikishabadilishwa, unaandika anwani ya benki bila kukosea hata herufi moja na bado unapelekwa kwa mwizi. Kivinjari cha siku hizi mara nyingi kitapiga kelele kuhusu cheti cha tovuti, lakini ni wangapi husoma onyo wakiwa na haraka?

Wala mwizi hahitaji kukaa kwenye ngazi za ploti yenu. Mwaka 2007 watafiti wa Symantec na Chuo Kikuu cha Indiana walionyesha kwamba ukurasa wa wavuti wenye JavaScript, ukiufungua tu, unaweza kuijaribu rauta yako kutoka ndani kwa nywila za kiwandani na kubadilisha DNS.

Kisha mwaka 2016 ikaja Mirai. Programu hii ilizunguka intaneti ikijaribu jozi 60 na ushei za majina na nywila za kiwandani kwenye kamera na rauta. Ni hivyo tu, na ikapata jeshi zima la vifaa. Mwingereza mmoja, Daniel Kaye, alilipwa aishambulie Lonestar, kampuni ya simu ya Liberia, kwa jeshi la aina hiyo, na Novemba 2016 intaneti ya Liberia ikatatizika. Alifungwa Uingereza Januari 2019. Wenye vifaa vile pengine hawakupoteza hata senti. Walioumia ni Waliberia, ambao hawakuwa na habari ya kamera ya mtu.

Simlaumu sana mwenye nyumba. Fundi anakuja, anatoboa ukuta, anakuuliza Wi-Fi iitweje, anapima kasi, huyoo ameenda. Nywila ya pili haitaji. Ana sababu yake: mteja akiisahau, dawa ni kuirudisha rauta ilivyotoka kiwandani, na mipangilio ya kampuni nayo inaweza kufutika, kwa hiyo fundi arudi tena. Naelewa, lakini huyo ni kama fundi wa kufuli anayeupa mtaa mzima ufunguo mmoja ili asisumbuliwe. Uingereza walitunga sheria: tangu tarehe 29 Aprili 2024, ni marufuku kuuza vifaa vipya vya intaneti vya nyumbani vyenye nywila moja ya kiwandani kwa vyote. Sisi tungeanza na dogo: fundi asitoke mlangoni kabla mteja hajaandika nywila yake mwenyewe. Ni dakika tatu.

Kama rauta yako iko ukutani tayari, ifanye leo. Weka nywila ndefu, tofauti na ya wageni. Zima uwezo wa kuiendesha rauta kutoka nje ya nyumba. Mipangilio mingine ya kampuni iache ilivyo. Andika nywila kwenye karatasi uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Wenzangu watakunja uso kwa hilo la karatasi, lakini mwizi wa mtandaoni hafiki kwenye sanduku lako. Na kama admin na admin zimekataa na hujui nywila ni ipi, mpigie fundi umuulize ni nani anayeijua.