Mila Ipimwe kwa Matunda Yake

Wapo wanaodai kwamba taifa likigusa mila zake limejifuta. Nakataa, na shahidi wangu ni Ugiriki. Huko, kwa vizazi vingi, mzazi wa binti ndiye aliyetoa mahari. Mwenye mabinti wengi alielemewa, na binti wa maskini mara nyingi alikosa mchumba. Mwaka 1983 desturi hiyo ikafutwa kisheria. Je, Ugiriki imetoweka? Hadi leo mayai mekundu hugonganishwa siku ya Pasaka, na sarafu hutafutwa ndani ya keki ya Mwaka Mpya. Mila inayowakutanisha watu hujilinda yenyewe. Inayompima binti kwa mali ya babaye haistahili kulindwa. Nasi tuthubutu kuzipima zetu kwa mizani hiyohiyo.